Gari ya zamani ikitaka muziki, anza na milango

Watu wengi hapa Malindi wakitaka muziki mzuri kwa gari ya zamani wanakimbilia skrini, ile kubwa ya Android, halafu wanashangaa mbona sauti ni ile ile. Mimi naendesha Corolla AE100 ya miaka ya 90, muziki wake nimeubadilisha mwenyewe pole pole, na ntakwambia wazi, pesa ya kwanza iende kwa spika na waya. Redio itafuata.

Fungua kava ya mlango uone. Spika iliyokuja na gari ni ya karatasi, imekula joto na unyevu wa bahari miaka 30, ule ukingo wa sponji unaoizunguka ukiugusa na kidole unavunjika kama biskuti. Redio ya bei gani itaifufua hiyo? Tafuta spika yenye koni ya plastiki na ukingo wa mpira, maana karatasi kwa hewa yetu hii haikai. Pima tundu kabla hujaenda dukani, Toyota nyingi za wakati ule mlango wa mbele unachukua inchi 6 na nusu lakini usibahatishe. Na ile nailoni iliyobandikwa ndani ya mlango usiruhusu fundi aichane aitupe! Maji ya mvua yanateremka na kioo yanapita ndani ya mlango, nailoni ndo inayazuia, ikitoka masika moja tu kava imevimba. Halafu ziba yale matundu makubwa ya bati, spika ikikaa imara na mlango umezibwa besi inatoka yenyewe, hata wufa hutaitamani.

Sasa waya, na hapa ndo sisi wa Pwani tunatofautiana na mtu wa bara. Ukivua gamba la waya wa zamani unakuta shaba imekuwa nyeusi, saa ingine ina ukungu wa kijani, ni chumvi hiyo. Fundi wengi wanasokota tu waya mbili na kuzungusha tepu nyeusi, jua linayeyusha gundi, tepu inateleza, spika moja inaanza kukatakata kila ukipita tuta. Dai solda, juu yake ule mpira wa kusinyaa kwa moto. Waya mweusi wa redio, ule wa hasi unaofungwa kwenye bodi, kwangua rangi ya bodi hapo mpaka bati liwe jeupe, kaza na bolti, kisha paka grisi ili kutu isiingie.

Rangi za waya za redio mpya zijue hata kama hufungi mwenyewe. Njano inataka umeme wa betri muda wote, ndo inahifadhi saa na stesheni zako, nyekundu inapata umeme ukizungusha ufunguo. Kuna mafundi wanaziunganisha pamoja ili redio iwake bila ufunguo, mteja anafurahi, lakini ukisahau kuizima usiku asubuhi unasukumwa. Spika ni nyeupe na kijivu mbele, kijani na zambarau nyuma, yenye mstari mweusi ni hasi. Ukiwa hujui upande chanya wa spika, chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha sekunde moja tu, koni ikiruka nje basi waya uliogusa chanya ya betri ndo chanya. Spika moja ikifungwa kinyume besi yote inapotea na utailaumu redio bure.

Mwenye gari kuukuu zaidi, tuseme Peugeot 504, angalia kama waya hasi za spika zimefungwa kwenye bodi, zamani ilikuwa kawaida. Redio za sasa haziruhusu kabisa, zinaungua. Pitisha waya mpya mbili kwa kila spika.

Kwenye redio yenyewe usidanganywe na 50x4 iliyoandikwa kwa boksi, yaani wati 50 kwa kila spika, spika nne. Angalia fyuzi mgongoni, ikiwa ya ampea 10, zidisha kwa volti 14 ni wati 140 zinazoingia kwa jumla, na sehemu kubwa inaishia kuwa joto, sasa hizo 200 zinatoka wapi? Kwa spika nzuri zinazobaki zinatosha kabisa. Mimi najaribu na udi wa Zein l'Abdin, yule mwanamuziki wa taarab, kama nyuzi zinasikika moja moja na sauti ya mwimbaji haijamezwa, fundi kafanya kazi.

Na usihangaike kutengeneza ile redio iliyokuja na gari kutoka Japani. Nyingi zinashika FM 76 mpaka 90 na yetu inafika 108, kuna kidude cha kuhamisha masafa lakini namba hazilingani na stesheni zinagombana.

Kitu cha mwisho na hiki nakishikilia sana, soketi ya gari isikatwe. Toyota za miaka hiyo zina plagi mbili, ya pini 10 na ya pini 6, na waya za kuunganishia bila kukata zinauzwa. Redio ya zamani pia mwambie fundi akurudishie, ifunge kwa nailoni uiweke, siku ya kuuza gari mnunuzi ataiulizia.