Ukikutana na aliyeongoza safari za anga, muulize alivyoamua

Wadogo zangu mnaoanza uhandisi na fizikia, mlioko Nairobi na Dar na mnaojiandaa kuja huku Zürich, Uswisi, ipo siku mtajikuta ukumbi mmoja na mtu mliyezoea kumwona YouTube. Kwetu hapa chuo kikuu cha ETH mtu huyo ni Thomas Zurbuchen. Kuanzia Oktoba 2016 hadi mwisho wa 2022 alikuwa mkuu wa sayansi wa NASA, shirika la anga la Marekani. Gari la Perseverance lilitua Mirihi Februari 2021 na darubini ya James Webb ikarushwa Krismasi ya mwaka huohuo, yeye akiwa kwenye kiti. Mwaka 2023 akaja kufundisha hapa. Nimeona jinsi foleni inavyojipanga baada ya mihadhara ya watu wa aina hii: selfie, "Profesa, unanitia moyo sana", basi. Dakika zako mbili zimekwisha na hujaondoka na kitu.

Mtu aliyeongoza muulize alivyoamua. Habari za sayari utazisoma popote. Lakini namna alivyofikia ndiyo au hapana wakati data hazijatimia, wataalamu wamegawanyika na pesa zinahesabiwa, hiyo haimo kwenye slaidi.

Chukua ile helikopta ya Mirihi, Ingenuity. Kilo 1.8 tu, ikabebwa tumboni mwa Perseverance. NASA ilitangaza Mei 2018 kwamba itakwenda. Leo kila mtu anashangilia, maana ilipangiwa kuruka mara tano ikaruka mara 72, hadi mapanga yake yalipoharibika Januari 2024. Kabla ya hapo wanasayansi wa Perseverance hawakuifurahia wote, na Ken Farley, mkuu wa sayansi wa mradi huo, alisema hadharani kwamba yeye si mtetezi wake. Hoja ilikuwa na uzito: siku inayotumika kuirusha helikopta ni siku ambayo gari halichunguzi miamba, na miamba ndiyo iliyolipeleka gari huko. Sasa ukimuuliza Zurbuchen "ulijisikiaje iliporuka?" atakupa jibu ambalo waandishi wa habari wameshalipata. Muulize hivi: "Kabla ya Mei 2018, ni matokeo gani ya majaribio yangekufanya uikatae?" Hapo umemrudisha kwenye kiti kile, na mazungumzo yanaanza.

Swali kama hilo haliji palepale ukumbini, linatafutwa nyumbani. Uzuri wa mashirika ya umma ni kwamba aibu zao huandikwa. Mwaka 2018, Webb ikiwa bado kiwandani California, walipiga sehemu yake kelele kali kuigiza mngurumo wa roketi, na skrubu na nati za kifuniko cha ngao ya jua zikadondoka. Kabla ya hapo vali za injini zake ndogo zilikuwa zimesafishwa kwa kiyeyushi kisichofaa. NASA ikaunda bodi huru chini ya Tom Young, na ripoti yake iko wazi kwa yeyote. Isomeni, japo ni kavu. Someni mkikumbuka kwamba darubini hiyo ilikuwa inakwenda kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, ambako hakuna fundi wa kutumwa kama walivyotumwa kwa darubini ya Hubble mwaka 1993. Skrubu iliyolegea inaacha kuwa habari ya bisibisi: nani alikagua, nani aliona akanyamaza, na aliyenyamaza alimwogopa nani?

Najua tumelelewa kutomhoji mkubwa. Shikamoo, kisha kimya. Msiitupe heshima hiyo, ila huku profesa huhesabu kwamba umemheshimu ukiwa umeisoma kazi yake hadi ukapata pa kuhoji. (NASA walimzoea Zurbuchen wakawa wanamwita Dr. Z. Wewe usijaribu siku ya kwanza.)

Jambo jingine, msidhani Zurbuchen ni bosi aliyekuja kupumzikia chuoni. Kabla ya NASA alikuwa profesa Michigan, na aliongoza kazi ya FIPS, kifaa kidogo cha kupima chembe zenye chaji kilichofika sayari ya Utaridi na chombo cha MESSENGER. Ameshika vifaa. Ukimletea "nina shauku kubwa na anga" hana la kufanya nayo. Ukimletea vipimo vya antena mliyoitengeneza chuoni, hata kama vimekuja vibaya, ana pa kushika.

Na msione haya kwa mnakotoka. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipata Nobel mwaka 2002. Wanaastronomia wa rika la wazee wanaijua vizuri setilaiti hiyo, pengine kuliko vijana wa Malindi wenyewe. Litajeni hilo kwa sentensi moja mkipenda, msiligeuze hotuba.

Kama hamkupata nafasi ukumbini, andikeni barua pepe, iwe fupi. Kwa mfano:

"Profesa, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi wa umeme. Nimesoma ripoti ya bodi ya Young ya 2018 kuhusu Webb. Kwenye setilaiti yetu ndogo ya chuo, utaratibu wa kufunga skrubu ulibadilishwa bila mkaguzi kuambiwa. Ukiwa kiongozi, ulitaka mkaguzi aripoti kwa nani?"

Hakuna CV, hakuna picha, hakuna "naomba unitafutie ufadhili". Ufadhili una milango yake na fomu zake.

Jibu likija, mara nyingi halitoki kwake. Litatoka kwa katibu au mtafiti wa maabara, na wengi hapo huvunjika moyo, wakati huyo mtafiti ndiye anayejua nafasi inafunguka lini na nani anatafuta mtu wa kusaidia vipimo. Mjibuni siku hiyohiyo, mkitaja muda mlio huru kwa saa za Zürich: majira ya baridi Nairobi na Dar ziko mbele kwa saa mbili, kiangazi kwa saa moja. Na andikeni 10:00, msije mkaandika 4 mkimaanisha saa nne asubuhi.