Reli ndogo ya mezani: anza na watu, magari yafuate

Wanaoanza kujenga reli ndogo huniuliza wanunue kigari gani kwanza. Nawajibu wasinunue kigari chochote kabla hawajanunua mtu. Chukua pakiti moja ya watu wadogo wa skeli yako, yaani kipimo cha udogo wa reli yako kulingana na kitu halisi, mmoja umsimamishe kando ya reli, na kila gari, mlango, benchi na nguzo ya simu ipimwe kwake. Sote tunajua umbo la binadamu tangu utotoni. Injini ikiwa fupi kidogo kuliko inavyotakiwa, wachache watagundua. Dereva ambaye kichwa chake hakifiki kwenye dirisha la gari lake, hata mtoto atauliza ana nini.

Waliotutangulia walifuata njia hiyohiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, kiwanda cha Meccano cha Liverpool kilitoa watumishi wa stesheni na abiria wa kupamba reli zake za Hornby. Magari yalifuata mwaka 1933, na mwaka 1934 yakapewa jina la Dinky Toys. Kwa hiyo vigari hivi vya chuma cha kusubu, ambavyo leo watu huvikusanya kabatini peke yake, vilizaliwa kuisindikiza treni.

Skeli mbili ndizo zinazowachanganya wengi: HO, yaani 1:87 (kitu kimepunguzwa mara 87), na OO ya Waingereza, yaani 1:76. Zote mbili hutumia reli zenye upana wa milimita 16.5, basi mtu hudhani vitu vyake vinaingiliana. Haviingiliani. Mtu wa mita 1.75 ana milimita 20 kwenye HO na milimita 23 kwenye OO. Waweke bega kwa bega, mmoja atakuwa mwalimu na mwingine mwanafunzi. Peugeot 404, yenye urefu wa karibu mita 4.44, hutoka milimita 51 kwenye HO na milimita 58 kwenye OO. Ile ya 1:64, skeli inayopendwa sana na wakusanyaji, itafika milimita 69, na hapo gari dogo la familia linaanza kulingana na lori.

Kwa sababu hiyo usiende kununua bila rula ya milimita. Tafuta urefu wa gari halisi, ugawe kwa skeli yako, kisha pima kigari mwenyewe. Usiamini maandishi ya boksi peke yake. Matchbox, walioanza mwaka 1953, walitengeneza magari yaenee kwenye kiboksi, kwa hiyo basi la ghorofa na gari la watu wanne hukaribiana urefu. Hot Wheels za supamaketi nazo ni hivyohivyo. Ni vigari vizuri sana, na kuna mahali nitakapovitumia hapa chini, lakini visimame mbali na watu.

Mimi najenga Voi ya mwaka 1967. Nimeichagua kwa sababu ni njiapanda: reli kuu ya Mombasa na Nairobi inapita, na tawi la Taveta linatoka hapo kuelekea Kahe na Moshi. Injini kubwa za mvuke za Garratt za daraja la 59, zilizotengenezwa Manchester na Beyer Peacock, zenye rangi ya damu ya mzee na majina ya milima, zilikuwa bado kazini. Ukitaka kuiona moja kwa macho yako, Mount Gelai iko Makumbusho ya Reli Nairobi. Nenda ukasimame karibu na gurudumu lake, kisha mpige picha mwenzako akiwa amesimama pale. Picha hiyo itakufundisha uwiano kuliko maelezo yangu.

Reli yetu ya zamani ni ya mita moja, kwa hiyo natumia njia ya milimita 12. Kwa hesabu kali, HO ndiyo inayoikaribia zaidi. Hata hivyo nimechagua OO, na sababu ni barabara. Barabara zetu za wakati ule zilijaa Land Rover, Bedford na Morris, na magari ya Kiingereza yanapatikana kwa wingi kwenye 1:76, ya chuma kweli, hasa kutoka Oxford Diecast. Upande wa HO, Wiking, Herpa na Brekina wanafanya kazi safi mno, lakini nyingi ni za plastiki, na usukani uko kushoto. Huo usukani uangalie kila mara. Kigari kikiwa na vioo safi, mtu wa Afrika Mashariki ataliona kosa papo hapo. Anayejenga SGR ya Kenya ya 2017 ana hesabu nyingine: reli yake ni ya milimita 1435, na ukizigawa kwa 87 unapata milimita 16.5 sawasawa. Huyo achukue HO bila kusita.

Mwaka uliouchagua ushike kama sheria. Kwenye Voi yangu Peugeot 404 inaruhusiwa, maana ilitoka 1960. 504 ilizinduliwa 1968, basi hata ikiwa nzuri kiasi gani haiingii. Land Rover inayofaa ni ile yenye taa za mbele katikati, karibu na wavu wa rejeta. Zenye taa kwenye matagadi zilikuja baadaye. Ukishika mwaka hivi, pesa nyingi zitabaki mfukoni.

Sasa watu wenyewe, na hapa ndipo nataka ukae. Visanamu vinavyouzwa ni vya Ulaya: makoti ya baridi, kofia za pama, ngozi nyeupe. Nunua visivyopakwa rangi. Dapol wana abiria wa plastiki wa OO kwa bei nafuu. Preiser wa Ujerumani wana wengi zaidi, wa HO, na ukimleta mtu wao kwenye OO anakuwa na urefu wa mita 1.52, anafaa kabisa kuwa mwanafunzi au bibi aliyejikunyata. Chagua waliosimama, waliokaa au wanaosubiri. Aliyeganda akikimbia huchosha macho upesi. Ngozi usipake nyeusi tupu. Changanya kahawia na wekundu kidogo, na ubadilishe mchanganyiko kwa kila mtu, maana kwenye jukwaa la Voi hakuna watu wawili wa rangi moja. Macho usiyachore.

Mwanamume mwenye koti refu, ukimziba uwazi wa miguu kwa udongo wa epoksi na kumpaka nyeupe isiyong'aa, amevaa kanzu. Mwanamke, mpake mji wa kanga kwanza, uache ukauke, kisha zungusha pindo kwa brashi nyembamba kabisa. Jina la kanga halitasomeka, liache. Kaki kwa wafanyakazi wa reli. Mizigo ya kichwani itengeneze kwa epoksi hiyohiyo.

Vile vigari vya Matchbox vidogo kuliko skeli yako vipeleke nyuma kabisa, kwenye barabara iliyo chini ya vilima. Macho yatadhani viko mbali, na meza itaonekana ndefu zaidi.

Ukinunua Dinky za kabla ya vita, angalia nyufa na uvimbe. Zinki iliyochanganyika na risasi huoza kutoka ndani, na hakuna dawa. Kizima chenye boksi lake usikipake rangi upya, tafuta kilichochubuka. Na sisi wa pwani, unyevu ndio adui: weka vifuko vya silika kwenye kabati, na usiache tairi laini zikae juu ya plastiki kwa miezi, zitaiyeyusha.

Ukiagiza kutoka nje, ungana na wenzako mgawane nauli ya mzigo, na mwombe muuzaji picha ya kigari kikiwa kando ya rula.