Barua kwa mwanangu: Harar utembee kwa miguu

Mabatini, Mwanza

Mwanangu,

Marahaba, baba. Ujumbe wako niliusoma jana usiku nikiwa namalizia sare za shule za watu, nikauweka hadi leo ili nikujibu nimetulia. Unasema mafunzo yako ya Addis Ababa yakiisha utabakiwa na siku mbili, na unataka uzitumie Harar, ule mji wa mashariki mwa Ethiopia, kule nilikokwenda na wenzangu wa kikundi cha ushonaji. Wenzako wanakushauri ukodi gari na dereva akuzungushe, eti vichochoro vya kule vinapoteza watu. Unauliza mimi nilizungukaje.

Nilizunguka kwa miguu, na nakuomba na wewe uzunguke kwa miguu. Siku yetu ya kwanza tulipanda teksi, zile Peugeot kuukuu za bluu na nyeupe, tukapelekwa huku na huku. Jioni ile jirani yangu niliyesafiri naye akaniuliza tumeona nini, nikakosa cha kumjibu. Gari linapita barabara chache tu ambazo ni pana. Mji wenyewe uko nyuma ya hizo barabara.

Kufika usipate taabu tuliyoipata sisi. Basi kutoka Addis ni zaidi ya kilomita 500, tuliondoka alfajiri tukafika miguu imevimba. Wewe panda ndege hadi Dire Dawa, halafu basi dogo, kama kilomita 50 za kupanda milima. Waulize kwanza wenyeji wa hapo kazini hali ya barabara. Harar iko karibu mita 1,885 kutoka usawa wa bahari, na ziwa letu liko kama mita 1,134. Ulikua ukipanda ngazi za mawe hapa Mabatini na ndoo ya maji kichwani, lakini kule utahema. Tembea taratibu, simama ukichoka.

Saa hazitakusumbua. Waethiopia wanahesabu kama sisi: jua likishachomoza inaanza saa moja. Jirani yangu alifurahi mno kusikia mtu wa nchi nyingine akisema saa tatu akimaanisha saa tatu. Ila tiketi ya ndege isome vizuri, wao wa ndege wanaandika kizungu. Na tarehe zao ziache kama zilivyo, maana mwaka wao una miezi 13.

Mji wa zamani unaitwa Jugol. Umezungukwa na ukuta uliojengwa karne ya 16, zama za Amiri Nur, mtawala wa Harar, kimo chake kama mita nne, na una milango mitano ya kale. Ndani yake kuna misikiti 82, mitatu kati ya hiyo ni ya karne ya 10, na maziara 102. UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Hofu ya kupotea iondoe: mzunguko wa ukuta haufiki hata kilomita nne. Ukipoteza njia, nyoosha upande mmoja hadi ukutane na ukuta, ufuate, utatokea langoni. Mimi nilipotea mara tatu kwa siku moja, na mambo ninayoyakumbuka leo niliyaona mara hizo tatu.

Sasa rangi. Vichochoro vya Jugol ni vyembamba, vingine mkinyoosha mikono mnagusa kuta zote mbili. Kuta hizo ni za mawe, zimepakwa waridi, kijani cha embe changa, bluu ya anga, njano, zambarau. Kwenye kona moja, nilipopotea mara ya pili, rangi ilikuwa imebanduka pembeni ya mlango. Nikasogea. Juu kulikuwa na kijani, chini yake waridi, chini ya waridi bluu, chini ya bluu chokaa nyeupe, halafu jiwe. Kila unene kama karatasi. Nikakumbuka pindo la gauni la marehemu bibi yako nililolifumua, nyuzi za miaka yote zikiwa bado humo. Mama mmoja akatoka akanikuta nimeinama ukutani kwake. Nikamwambia asalaam alaikum, akaitikia, akaelewa ninachoangalia, akanionesha kwa mkono jinsi wanavyopaka upya sikukuu zikikaribia, safu juu ya safu. Hakuna aliyekwangua rangi ya mama yake.

Yule mama alitukaribisha ndani. Nyumba ya Kiharari sebule yake ina majukwaa ya udongo, moja juu ya jingine, yamepakwa rangi nyekundu, na kila mtu ana mahali pake pa kukaa kulingana na umri na heshima. Wengi wanasema wekundu ule ni kumbukumbu ya damu ya waliokufa vita vya Chelenqo, mwaka 1887, Mfalme Menelik alipoutwaa mji. Ukutani wametundika vikapu vya kusuka, vingi, kuanzia chini hadi darini. Vua viatu mlangoni kabla hujaambiwa. Na ukiona zulia limekunjwa limewekwa juu ya mlango, maana yake nyumba hiyo ina binti wa kuoa. Nimekueleza tu, baba, umri wako unaujua.

Lakini mahali ninapotaka usipapite mbio ni Mekina Girgir. Anzia Feres Magala, yaani soko la farasi, neno hilo nadhani utalitambua mwenyewe, ufuate njia inayoshuka kuelekea soko kubwa, Gidir Magala. Njia nzima ni mafundi cherehani. Jina lenyewe ni mlio: mekina ni mashine, girgir ni sauti yake. Wamekaa nje, pande zote mbili, mashine za kukanyaga kwa mguu, vitambaa vimening'inia juu ya vichwa vyao. Mteja ananunua kitambaa duka hili, anamgeukia fundi aliye mlangoni, anasubiri. Mzee mmoja aliona pindo la kitenge changu limeachia. Hakusema kitu, alinyoosha mkono tu. Nikakaa kwenye kigoda chake huku anashona. Nilimwangalia mguu: anakanyaga kwa kisigino kwanza, ndipo vidole, kama alivyonifundisha mama yangu. Alipomaliza akakata uzi kwa meno, akakataa hela. Nikamwonesha kidole changu cha shahada chenye sugu, akanionesha chake.

Ukifika Gidir Magala shika vizuri ulichonunua kwenye mabucha. Mwewe wa kule ni kama wa Mwaloni wetu pale Kirumba, wanashuka na kunyakua mkononi. Kuna pia nyumba wanayoiita ya Rimbaud, yule mshairi Mfaransa aliyefanya biashara ya kahawa Harar miaka ya 1880. Nyumba hiyo ilijengwa na mfanyabiashara Mhindi, Rimbaud hakuishi humo, lakini panda ghorofani kwa ajili ya vioo vyake vya rangi.

Usiku watakupeleka nje ya ukuta kuona fisi wakilishwa nyama. Najua kwetu Usukumani fisi akitajwa usiku watu wanaingia ndani, mambo ya kichawi yale. Kule wameacha matundu chini ya ukuta, fisi wanaingia na kula mabaki ya mji, na siku ya Ashura wanapikiwa uji. Nilisimama mbali nimemshika jirani yangu mkono. Mlishaji aliwaita mmoja mmoja, na fisi wakaja taratibu kama mbwa wa nyumbani. Nenda uone, ila usiwalishe wewe.

La mwisho la mzazi: mchana utawaona watu wamekaa kivulini wanatafuna mirungi, na kule inauzwa hadharani. Hapa nyumbani ni kosa la jinai. Kagua begi lako mwenyewe kabla ya uwanja wa ndege, na usimbebee mtu mzigo.

Zawadi sitaki. Siku utakayofika Mekina Girgir, iwe saa tatu au saa nne asubuhi mafundi wakiwa wamechangamka, nipigie simu. Usiongee. Inyooshe tu simu upande wao nisikie.

Mama yako