Inchi 95 za Buffalo, inchi 51 za Minneapolis

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mtu wa Bukoba. Nimepata kazi Marekani na natakiwa nichague kati ya Buffalo na Minneapolis. Nimetafuta theluji ya msimu mzima nikakuta Buffalo ni inchi 95 na Minneapolis 54, lakini tovuti nyingine inasema Minneapolis ni 51. Ipi inadanganya? Je, ni kweli Minneapolis nitaishi na karibu nusu tu ya theluji ya Buffalo? Nimeona pia video ya mtu kasimamisha rula kwenye theluji, inasoma futi 4, naye anasema ni ya usiku mmoja.

JIBU: Kuhusu 54 na 51 hakuna anayedanganya. Wastani rasmi wa Marekani huchukuliwa kwa miaka 30 na husogezwa kila baada ya miaka 10. Kwa 1981–2010 Minneapolis ilikuwa na inchi 54.4, kwa 1991–2020 ikawa 51.2. Buffalo kwa kipindi hicho cha pili ni 95.4. Linganisha miji kwa kipindi kimoja, basi.

Hilo la "nusu" ndilo linalochosha, na kosa si lako. Ni la hizo orodha za miji kumi yenye theluji nyingi zinazosambazwa kila Novemba na watu ambao hawajawahi kuuliza inchi hizo zinapatikanaje. Msomaji anabaki akidhani jumla ya msimu ni kimo cha kitu kilicholala nje ya mlango. Sivyo. Ni majumlisho ya vipimo vidogo vidogo vingi, na theluji iliyo nyuma ya vingi ya vipimo hivyo ilishayeyuka zamani.

Vipimo vyenyewe hufanywa hivi. Panakuwa na ubao wa plywood uliopakwa rangi nyeupe, umelazwa mahali pa wazi pasipopigwa sana na upepo. Mpimaji anasimamisha rula yenye alama za sehemu za kumi za inchi, anasoma, anaandika, anaufagia ubao hadi uwe mtupu, kisha anaulaza upya juu ya theluji. Kufagia huko hakuruhusiwi zaidi ya mara moja kila saa 6. Isiyofika sehemu moja ya kumi ya inchi huandikwa T, na T hata zikiwa ishirini hazijumlishwi zikawa inchi. Chembe za barafu zinazodundadunda zinahesabiwa kama theluji. Mvua inayoganda ikigusa kitu haihesabiwi. Kina cha theluji iliyolala chini ni kipimo kingine kabisa, husomwa kwa inchi nzima, mara moja kwa siku.

Kwa nini saa 6? Theluji mbichi imejaa hewa. Ikishakaa, ya juu inaikandamiza ya chini. Tuseme inaanguka inchi moja kila saa. Anayefagia ubao kila saa ataandika 6.0, anayengoja saa 6 anaweza kukuta 5.0 kwa theluji ileile, kutoka wingu lilelile. Mwenye kipimo kimoja cha asubuhi, kama wapimaji wengi wa kujitolea wa mtandao wa CoCoRaHS, atapata pungufu zaidi. Hakuna aliyeiba, ila ukiweka takwimu zao kwenye jedwali moja umeshaharibu jedwali.

Hili si jambo dogo la wanaopenda kubishana. Januari 1997 kijiji cha Montague, jimbo la New York, kiliripoti inchi 77 kwa saa 24, zilizotosha kuvunja rekodi ya taifa ya inchi 75.8 iliyowekwa Silver Lake, Colorado, Aprili 1921. Kamati iliyokagua iliikataa kwa sababu ubao ulipimwa mara sita, zaidi ya inavyoruhusiwa. Baada ya dhoruba ya Januari 2016, inchi 28.1 za uwanja wa ndege wa Newark nazo zilitupwa kwa sababu hiyohiyo: mpimaji alikuwa akipima kila saa. Huo ni uwanja mkubwa wa ndege, na kosa likapita mpaka lilipokaguliwa. Sasa jiulize ni nani anayemkagua mwenye simu na rula.

Turudi kwako. Wastani wa joto la Januari Buffalo ni karibu nyuzi -4 za Selsiasi, Minneapolis karibu -9. Buffalo theluji nyingi huanguka, ikayeyuka, ikaanguka tena, na kila mara hesabu inapanda. Minneapolis inaanguka kidogo na haiondoki. Ya Desemba unaweza kuikanyaga bado Februari, imekuwa ngumu kama sementi. Ukitaka kujua utatembea juu ya theluji siku ngapi, angalia idadi ya siku zenye kina cha inchi 1 au zaidi. Jumla ya msimu haikuambii hilo.

Halafu kuna ziwa. Wewe wa Bukoba huhitaji kufundishwa ziwa linavyoweza kuunyeshea mji wa pwani yake. Buffalo, hewa baridi inapita juu ya maji ya Ziwa Erie yenye joto kiasi, inabeba mvuke na kuumwaga kwa mikanda myembamba. Novemba 2014 vitongoji vya kusini na mashariki vilizidi futi 5 huku kaskazini mwa jiji, mwendo wa kilomita chache, watu wakihesabu inchi chache tu. Kipimo rasmi cha "Buffalo" kinatoka uwanja wa ndege ulioko Cheektowaga, kitongoji cha mashariki. Ukipanga nyumba Orchard Park, kitongoji cha kusini, 95 hiyo si yako. Erie ni ziwa la kina kifupi, likiganda theluji ya ziwa hupungua sana. Ziwa Ontario, jirani yake, ni refu kwenda chini na ni nadra kuganda, ndiyo maana Syracuse, mji unaopata theluji kutoka ziwa hilo, huendelea kufukiwa Buffalo ikiwa imepumzika.

Ukitaka takwimu safi, ingia ukurasa wa ofisi ya Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa inayohudumia mji huo, fungua NOWData, hifadhi yake ya takwimu, chagua kituo, chagua theluji kwa mwezi, kwa jumla. Hesabu msimu kuanzia Julai 1 hadi Juni 30; ukihesabu Januari hadi Desemba unachanganya nusu za misimu miwili. Ukiona M, kipimo hakipo. Tovuti nyingi huisoma M kama sifuri, na mji unaonekana mkavu ghafla. Kagua pia kama kituo kilihama: Chicago ilihamia O'Hare 1980, na Minneapolis kati ya 2000 na 2004 theluji yake ilipimiwa Chanhassen, kitongoji cha kusini-magharibi. Na wastani wowote usiushike kama ahadi. Boston ina wastani wa inchi 49 hivi. 2011–12 ilipata 9.3, na 2014–15 ikapata 110.6.

Video ya futi 4 ni rundo lililosukumwa na upepo dhidi ya ukuta. Geuza kamera upande wa pili wa nyumba utaona majani. Mpimaji wa kweli, upepo ukivuma, hupima sehemu nyingi, palipojaa na palipofagiwa, kisha huchukua wastani.

Upotoshaji huu una bei, maana utakapofika utaletewa mkataba wa kuondolewa theluji unaolipwa kwa inchi, au wenye kikomo cha inchi kwa msimu. Mingi haisemi inchi za nani, na mwenye greda ataleta tovuti yenye namba kubwa kuliko zote. Kabla ya kusaini, dai mkataba utaje jina la kituo, tarehe ya kuanza na kuisha msimu, na kwamba inayohesabiwa ni theluji iliyoanguka kwa kipimo rasmi, si kimo cha lundo lililoachwa na greda pembeni ya njia yako.