Kabla ya milinganyo ya mwendo, wapeleke uwanjani

Mwalimu, usiiandike milinganyo mitatu ya mwendo ubaoni hiyo Jumatatu. Umeuliza kuhusu mpangilio wa mada za fizikia kwa Kidato cha Pili, vifaa na idadi ya vipindi, lakini mimi nimekwama pale uliposema utaanza na v = u + at (kasi ya mwisho ni kasi ya mwanzo jumlisha mchapuko, yaani badiliko la kasi kwa kila sekunde, mara muda) ili waizoee mapema, kwa sababu ndivyo nilivyoanza hapa Mbeya, na nikapoteza karibu muhula mzima.

Wanafunzi wangu waliikariri yote na kupachika namba bila kukosea. Siku moja nikawachorea grafu ya basi, umbali kutoka stendi ukiwa kwenye mhimili wa wima na muda kwenye mhimili wa mlalo: mstari ukapanda, ukalala, kisha ukashuka hadi sifuri. Nilipouliza basi lilifanya nini, msichana aliyekuwa akiongoza darasa alijibu kwamba lilipanda mlima Kitonga, likapita tambarare, likateremka upande wa pili, na wenzake wakamuunga mkono. Hakuna aliyeona kwamba basi lilisimama, kisha likarudi stendi. Kosa lilikuwa langu, maana kwa wiki tatu nilikuwa nikiuita mwinamo wa grafu, yaani ukali wa kupanda au kushuka kwa mstari wake, “mteremko”, neno ambalo mtoto aliyekulia milimani analijua kwa miguu yake.

Mwezeshaji wa semina ndiye aliyetuaminisha kwamba tukitoa milinganyo mapema, uelewa utafuata wenyewe. Bado nina uchungu naye, kwa kuwa hakutuambia hata kwamba inafaa pale tu mchapuko usipobadilika, na basi linalopanda Kitonga likibadili gia kila kona halina mchapuko wa namna hiyo.

Nilirudi nyuma. Tulipanga mawe uwanjani kila baada ya mita 5 hadi mita 20, mmoja akashika saa, na msichana yule akatembea. Alifika jiwe la mwisho kwa sekunde 16, akasimama sekunde 6, akarudi mbio kwa sekunde 5. Walipochora namba zao, mstari ulishuka kwa ukali kuliko ulivyopanda, ilhali uwanja wenyewe ni bapa. Aliutazama uwanja, akalitazama daftari, akasema, “Kumbe umeshuka kwa sababu nimerudi.” Wakakokotoa wenyewe: mita 1.25 kwa sekunde wakati wa kwenda, mita 4 kwa sekunde wakati wa kurudi, na alama ya kutoa mbele yake kwa sababu ya mwelekeo.

Milinganyo niliiandika wiki iliyofuata.