Hiyo pawabanki ya 50000 mAh ya dola 8, irudishe

Mdogo wangu, hiyo kitu uliyoniandikia kwamba umenunua, irudishe leo leo. Pawabanki, yaani betri ya kubeba ya kuchajia simu, ya 50000 mAh (hicho ni kipimo cha umeme inaobeba), dola 8, halafu unaisifia eti nyepesi kuliko simu? Huo wepesi ndio ugonjwa wenyewe.

Mimi nilinunua dada yake pale Kadutu, mtaa wa Bukavu, dola 7. Kijana muuzaji aliniapia kwa kaburi la mama yake. Wiki iliyofuata nikamkuta huyo mama mzima kabisa, anauza sambaza, vile visamaki vya ziwa.

Nikavuka nayo ziwa hadi kisiwa cha Idjwi kununua mananasi. Usiku wa kwanza ilipandisha chaji ya simu kutoka asilimia 10 hadi 60, kisha taa zake nne zikazima zote. Pale nilipolala umeme hakuna. Mteja wangu wa Bukavu alikuwa apige jioni ile tukubaliane mzigo upande mashua gani. Alipiga mara 11! Simu iko mfukoni, maiti. Akachukua mananasi ya mwingine. Yangu yalikaa siku tatu, magunia yakaanza kuvuja maji, nyuki wakajaa, nikauza kwa bei ya kutupa. Dola 140 zikaenda. Nyumbani hadi leo naitwa Bwana Nanasi, nami naitika, nitafanyaje?

Niliipasua kwa bisibisi. Ndani seli moja ya 18650, ile betri ya duara inayofanana na jiwe dogo la tochi, na nafasi tatu tupu. Seli hiyo ikiwa nzuri sana hubeba kama 3500 mAh, na uzito wake ni karibu gramu 45. Sasa piga hesabu: 50000 inataka seli zaidi ya kumi na nne, yaani zaidi ya nusu kilo. Yako inaingia mfuko wa shati!

Kabla ya kutoa dola, ipeleke kwenye mizani ya mama wa maharage. Ya 10000 ya kweli ina kama gramu 200, ya 20000 ni 350 kupanda. Itikise karibu na sikio, kuna wanaotia mchanga. Halafu geuza usome maandishi madogo: ya 10000 ya kweli hujishusha yenyewe, inaandika 37 Wh (wati-saa, kipimo kingine cha umeme inaobeba) na kukiri kwamba simu itapata kama 6000 tu, kwa sababu nyingine hupotea umeme ukipandishwa kutoka volti 3.7 hadi 5. Ile ya yule kijana wa Kadutu haikukiri chochote.

Pima kwanza. Muuzaji akikataa mizani, ondoka hata kama anakuita "yaya", yaani kaka mkubwa. Mama wa maharage wa Kadutu ameshanizoea, akiniona na boksi mkononi anasogeza bakuli kabla sijasalimia.