Kofia tupu: kwa mnaoanza kuchora na kupiga picha uyoga na maua ya porini

Msimu wangu wa kwanza wa mvua kwenye miombo ya Iringa nilirudi na picha zaidi ya mia mbili za uyoga. Matone yanametameta, msitu nyuma umefifia vizuri, kama picha za kalenda. Nikampelekea mzee mmoja mtaalamu wa mimea. Akazipitia haraka haraka, akanirudishia simu. "Mwanangu, umeniletea kofia tupu. Wenye kofia wako wapi?"

Zote nilikuwa nimezipiga kwa juu, nikiwa nimesimama wima. Na uyoga, kwa bahati mbaya, siri zake karibu zote ziko chini.

Kwa hiyo lala chini. Piga kwanza ulivyoukuta, bila kugusa hata jani. Kisha uchimbe kwa kisu, usiuvute. Uyoga wa kichuguu, ule ambao wataalamu wanauita Termitomyces, una mzizi mrefu unaoshuka hadi ndani kabisa kwenye shamba la mchwa; ukiuvuta unakatika na nusu ya habari inabaki ardhini. Wale wa jamii ya Amanita, ambao baadhi yao wanaua, wengi wana kifuko kwenye kitako kinachojificha udongoni. Anayeung'oa kwa kuuvuta anaacha ushahidi shimoni, halafu anauliza mtandaoni kama unalika. Hilo nalo tulimalize hapa: picha haithibitishi kwamba uyoga unalika. Yangu haithibitishi, na yako pia.

Ukishauchimba, ugeuze. Chini ya kofia utakuta ama mapande membamba kama kurasa za kitabu, ama vitundu vidogo vidogo, ama mikunjo inayoteremka hadi kwenye shina, kama ilivyo kwa Cantharellus, ule wa rangi ya njano iliyoiva unaouzwa barabarani kwa makopo na ndoo. Pasua mmoja katikati kwa urefu, uangalie kama nyama yake inabadilika rangi. Uyoga wa jamii ya Lactarius ukikatwa hutoa utomvu kama maziwa. Andika hayo palepale, pamoja na harufu. Jioni utajidanganya kwamba unakumbuka.

Rula iwemo kwenye picha. Wengi wanaweka sarafu, na ni afadhali kuliko kutokuweka kitu, lakini msomaji wa nchi nyingine hajui shilingi mia yetu ina upana gani. Kuna Termitomyces titanicus, uliopewa jina lake la kisayansi mwaka 1980 kutoka Zambia, ambao kofia yake inaweza kukaribia upana wa mita moja. Bila kipimo, pichani unafanana na kitu cha kuwekwa sahanini.

Kazi moja kamera haiwezi kabisa, nayo ni ya usiku. Chukua karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, ulaze kofia juu yake kifudifudi, funika kwa bakuli. Asubuhi utakuta vumbi la mbegu limejichora lenyewe. Rangi ya vumbi hilo ina uzito kuliko rangi ya kofia, ambayo hubadilika kwa jua na mvua. Chlorophyllum molybdites, mkubwa mweupe unaoota kwenye nyasi za bustani, ukiwa mchanga kurasa zake ni nyeupe na unaonekana mwema kabisa. Vumbi lake ni la kijani, na anayeula anaumwa tumbo vibaya.

Maua nayo yana hila zake. Nilipofika Usambara nilikuwa na hamu na dughushi yake maarufu, ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire alilituma Ujerumani mwaka 1892 na sasa limejaa madirishani duniani kote. Simu yangu ililigeuza bluu. Nikabadili mwanga, bado bluu. Tangu siku hiyo natembea na kiboksi cha rangi za maji: nachanganya rangi nikiwa nimechuchumaa mbele ya ua lenyewe, kivulini, naipaka tone moja daftarini na kuandika nilichanganya nini na nini. Tone hilo ndilo naliamini nikifika mezani.

Aibu yangu kubwa zaidi ilikuwa kwenye mchoro wa ua hilohilo. Petali nilizihesabu tano, nikachora na stameni, yaani viungo vya kiume vya ua, tano, kwa kuwa zilipendeza hivyo. Ua lile lina stameni mbili tu, zenye vifuko vya njano vya chavua. Mchoro ulikuwa umeshachapwa. Hesabu. Usichore unachodhani kimo.

Mtu atakuuliza mchoro wa nini siku hizi. Mwonyeshe maua ya Impatiens, ambayo Usambara yamejaa. Ukilikata ua lake linalegea mara moja, na likishakaushwa kwenye gazeti linafanana na karatasi iliyolowa. Mchoraji anaweka kwenye ukurasa mmoja chipukizi, ua lililofunguka, ua lililopasuliwa, tunda na mgongo wa jani. Joy Adamson, ambaye wengi wanamjua kwa kitabu chake cha simba Elsa, alianza kwa kuchora maua ya Kenya, na alipewa medali ya dhahabu ya Grenfell, ya chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza, kwa michoro hiyo mwaka 1947.

Ukipiga wino, mwanga utoke juu kushoto, ndio utaratibu wa fani. Usiandike "imekuzwa mara 2", maana mchapaji ataipunguza na maneno yako yatakuwa uongo. Chora mstari wa kipimo pembeni. Ukurasa ukipungua, nao unapungua.

Sasa Kitulo, nyanda za juu za kusini mwa Tanzania zenye maua mengi, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu na imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005. Huko kanuni yangu ya kuchimba inageuka. Uyoga unaouona ni tunda tu, mwili wenyewe unabaki udongoni. Okidi ukiichimba umeimaliza, na viazi vyake vina soko Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Kwa hiyo okidi usiiguse mzizi, na zima lokesheni ya simu kabla ya kupiga, kwa sababu picha unayoirusha inaweza kubeba ramani ndani yake. Andika "nyanda za Kitulo" basi. Mwenye haja ya kweli atakuuliza.

Msimu wa pili nilimrudia yule mzee na uyoga wanane tu: juu, chini, kitako, nyama, vumbi, rula, rangi zimepakwa. Alikaa nazo muda mrefu, akavua miwani.

"Huu ulikuwa chini ya mti gani?"

Uyoga wa miombo mwingi unaishi kwa kushikana na mizizi ya miti. Na mti sikuuandika.